Mashine ya TIG inavuruga ekografi na redio za majirani: nianzie wapi kupunguza usumbufu?

FundiNdosho (Goma)

Ndugu mafundi, nawasalimu nyote.

Nina atelie ya kuchomelea huku Ndosho. Kazi yetu kubwa ni milango, madirisha na vikalio vya matangi ya maji, ambavyo tunavichomelea kwa bageti (vijiti vya kuchomelea) kwa mashine ndogo ya inveta, na kwa muda wote huo majirani walilalamika tu kwamba taa zao zinapepesa jioni. Mambo yalibadilika nilipoleta mashine ya TIG, inayochomelea kwa ncha ya tangsteni ndani ya gesi, ya zamani yenye transfoma nzito, kwa ajili ya kazi za inoksi (chuma kisichoshika kutu). Watu wanaoshusha maziwa kutoka Masisi wanataka vyombo vyao vizibwe kwa mshono safi usioshika uchafu, na kazi hiyo haitoki vizuri kwa bageti.

Sasa kila tunapobonyeza kitufe cha tochi (mkono wa kuchomelea), redio ya jirani inanguruma mpaka hasikii kitu. Hilo tungeweza kulizungumza. Linaloninyima usingizi ni zahanati iliyo nyuma yetu, kama hatua arobaini hivi, ambako skrini ya ekografi inajaa michirizi myeupe tukiwa kazini. Muuguzi wao alikuja kunieleza kwa upole kwamba ilibidi mama mjamzito asubiri kitandani mpaka tulipozima mashine ndipo waweze kumwona mtoto vizuri.

Mpangilio wetu ni huu. Mashine iko karibu na mlango, inapata umeme wa volti 220 kwa waya wa milimita za mraba 2.5 wenye urefu wa mita 30 hivi kutoka kwenye mita. Kebo ya tochi ina mita 8 na ya masi (ile inayorudisha mkondo kwenye mashine) mita 12, zote tumezitundika kwenye misumari ukutani, moja upande huu na nyingine upande wa pili, ili zisiunguzwe na cheche za grainda. Masi imebanwa kwenye mguu wa meza ya chuma. Kuta ni mabati juu ya fremu ya mbao. Waya wa ardhi umeunganishwa na kipande cha nondo kilichoingia chini shubiri mbili tu kabla ya kugonga jiwe la lava. Mashine ina swichi ya masafa ya juu yenye nafasi tatu, yaani kuzima, kuwasha tao (mwali wa umeme wa kuchomelea) tu, na mfululizo, nayo iko kwenye mfululizo tangu ilipofika, kwa maelekezo ya aliyeniuzia.

Mfanyabiashara mmoja wa Birere ananiambia ninunue kichujio cha umeme nikifunge kwenye laini, na mwingine anasema nihamishe atelie. Kabla sijatoa pesa au kubomoa kuta, naomba mnisaidie kujua tatizo liko wapi hasa.

MwalimuKadutu (Bukavu)

Fundi wa Ndosho, asante kwa kueleza mpangilio wako kwa ukamilifu. Nafundisha umeme wa viwandani hapa Bukavu, na naona una matatizo mawili tofauti ambayo yasichanganywe, kwa sababu dawa ya moja haitibu jingine.

Taa kupepesa ni volti kushuka. Ukichomelea bageti kwa ampea 160, tao lina volti zipatazo 26, yaani kilowati 4 na kidogo. Ukiongeza hasara za ndani ya mashine, na namna inveta nyingi zinavyovuta mkondo kwa vishindo badala ya kuuvuta kwa ulaini, unakuta laini ya volti 220 inabeba ampea 30 au zaidi. Waya wako wa mita 30, kwenda na kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.42, hivyo volti 12 au 13 zinapotelea njiani. Hasara hiyo lakini ni yako peke yako: inadhoofisha tao lako na kupasha waya joto. Wanachokiona majirani ni volti zinazopotea kwenye sehemu mnayoshirikiana, kutoka nguzoni hadi kwenye mgawanyiko. Kwa hiyo waya wa milimita za mraba 6 utakusaidia wewe, ila ili kuwasaidia wao uombe laini yako ipelekwe kwenye fezi isiyobeba nyumba zao, na viungo vya netro vikaguliwe na kukazwa na wenye ruhusa ya kupanda nguzo. Netro iliyolegea ni hatari kubwa kuliko kupepesa kwenyewe, kwa kuwa nyumba moja inaweza kupata volti nyingi kupita kiasi wakati nyingine inakosa.

Kupepesa huko hakukuletwa na mashine ya TIG, kwani kulianza kabla yake. Kwa ampea 100 tao lake lina volti zipatazo 14 tu, yaani kilowati 1.4, ingawa transfoma ya zamani huvuta kwenye laini zaidi ya hapo.

Michirizi ya ekografi na ngurumo ya redio ni jambo la pili, na chanzo chake karibu hakika ni cheche ya masafa ya juu. Ndani ya mashine yako kuna pengo dogo ambalo cheche ya volti elfu kadhaa huliruka ili gesi ipitishe umeme bila tangsteni kugusa chuma. Cheche hiyo haina masafa mamoja. Nguvu yake hutapakaa kuanzia kilohezi mia kadhaa hadi makumi ya megahezi. Redio ya AM inapokea kati ya kilohezi 500 na 1,600 hivi, kwa hiyo imo ndani kabisa. Ekografi ya mimba, kwa upande wake, hutuma mlio wa megahezi 2 hadi 5 na kusikiliza mwangwi dhaifu mno unaorudi kutoka tumboni. Usumbufu wako unaangukia palepale inaposikiliza, na ndiyo maana mashine ya zahanati inaumia kuliko simu au televisheni ya jirani.

Kwa kuwa unachomelea inoksi, unatumia mkondo mnyoofu (usiobadili upande), na mkondo mnyoofu unahitaji cheche hiyo kwa nukta ya kuwasha tu. Nafasi ya mfululizo imewekwa kwa ajili ya alumini na mkondo geu, ambako tao hufa na kufufuka kila mara mkondo unapobadili upande. Rudisha swichi kwenye kuwasha tu leo hii. Usumbufu uliodumu kwa urefu wote wa mshono utabaki kama mlio mmoja mfupi mwanzoni.

Kisha fanya jaribio moja kwa kushirikiana na zahanati. Kama ekografi yao ina betri yake, waichomoe ukutani na waiwashe kwa betri wakati wewe unachomelea, bila mgonjwa kitandani. Michirizi ikitoweka, usumbufu unapita kwenye nyaya za umeme. Ikibaki, unapita hewani. Nawe chukua redio ndogo ya betri, iweke AM mahali pasipo na stesheni, uzunguke nayo atelie wakati msaidizi anawasha tao. Isogeze karibu na kebo, karibu na mabati, karibu na mita, usikilize ni wapi mngurumo unapanda. Kwa kazi hii redio hiyo itakufaa kuliko kifaa chochote utakachouziwa.

Kijana_Majengo (Goma)

Mimi naona dawa ni ardhi tu. Tafuta fimbo ya shaba ndefu, uichimbie kokote inakoingia hata kama ni mbali, umwagie chumvi na maji, umeme wote mbaya utashuka chini.

FundiKamalondo (Lubumbashi)

Ndugu yangu wa Majengo, naomba nipingane nawe kwa heshima, kwa sababu ushauri huo umewapotezea pesa watu wengi.

Nimefanya kazi katika karakana za migodini huku Lubumbashi, ambako cheche ya TIG inaweza kusimamisha kompyuta inayoendesha mkanda wa mawe, na hapo ndipo mtu anajifunza kwamba waya kwa masafa ya juu si waya tena. Mita moja ya waya ulionyooka ina kizuizi cha takriban omu 6 kwa megahezi 1, na takriban omu 60 kwa megahezi 10, hata kama ni shaba nene kama kidole. Ukipeleka waya wa ardhi mita 20 hadi kwenye fimbo iliyo mbali, usumbufu hautashuka chini. Utakuwa umejenga antena nyingine ya mita 20. Fimbo ya ardhi inalinda maisha ya watu kwa umeme wa hezi 50, na kwa hilo ni ya lazima, lakini tusiipe kazi isiyoiweza.

Antena kubwa ya FundiNdosho imetundikwa kwenye misumari. Kebo inayokaribia mita 7.5 ni robo ya wimbi la megahezi 10, urefu ambao mtu wa redio angeuchagua kwa makusudi ili arushe matangazo. Tena ya tochi inapita ukuta huu na ya masi ukuta ule, kwa hiyo zinatengeneza kitanzi kikubwa chenye ukubwa wa chumba chote, na uwazi wa kitanzi ndio unaorusha mawimbi. Zishushe zote mbili sakafuni. Zipitishe bega kwa bega kutoka kwenye mashine hadi mahali pa kazi, uzifunge pamoja kila baada ya hatua moja, na juu yake uweke ubao uliofunikwa kwa bati ili cheche za grainda zisizifikie. Sogeza mashine karibu na meza ili mita 12 za masi ziwe 4 au 5, na ukate kebo badala ya kuiviringisha. Kagua ngozi ya kebo kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa: palipopasuka au kuungua, cheche ya volti elfu kadhaa inavuja kuelekea bati au sakafu yenye unyevu, na kila uvujaji ni kituo kidogo cha kurusha.

Masi itoke kwenye mguu wa meza ije kwenye chombo chenyewe unachokichomelea, karibu na mshono, juu ya chuma kilichosuguliwa. Hapa sizungumzii redio peke yake. Nimeona mahali ambapo masi ilishika rangi na kutu, mkondo wa kuchomelea ukatafuta njia nyingine ya kurudi, ukapitia waya mwembamba wa ardhi wa grainda iliyokuwa imelazwa juu ya meza hiyohiyo. Waya uliungua ndani ya ngozi yake bila mtu kuona, na tangu hapo grainda ile haikuwa na ulinzi wowote.

Halafu mabati. Chuma chochote kilicho ndani ya mita 15 hivi na kinachoelea bila kuunganishwa hupokea mawimbi na kuyarusha upya. Bati zako zinapandana, lakini kwenye mpandano kuna kutu na rangi, kwa hiyo kila bati iko peke yake na inacheza kama utando wa ngoma. Sugua kona mpaka zinki ing'ae, unganisha bati na bati kwa vipande vifupi na vipana vya shaba iliyosukwa au hata vya bati safi vilivyokazwa kwa skrubu, kisha uziunganishe na meza na sehemu ya ardhi ya mashine kwa njia fupi iwezekanavyo. Upana ndio unaosaidia, kwa kuwa ukanda mpana una kizuizi kidogo kuliko waya wa mviringo wenye shaba ileile.

Mwisho upande wangu, waya unaoleta umeme upitishwe ndani ya bomba la chuma lisilokatika njiani, lililokazwa vizuri kwenye bodi ya mashine, yaani kasha lake la chuma, na vifuniko vyote vya mashine virudishiwe skrubu zake zote. Mafundi wengi huacha kifuniko wazi ili mashine ipoe, na cheche inatoka nje moja kwa moja.

FundiNdosho (Goma)

Asanteni sana, Mwalimu na Papa wa Kamalondo. Nimefanya yale yasiyohitaji pesa: swichi iko kwenye kuwasha tu, mashine imesogezwa, kebo zimefungwa pamoja chini ya ubao, na masi inabana chombo chenyewe. Jirani anasema sasa anasikia mlio mfupi tu mwanzoni mwa kila mshono, kisha kimya. Zahanati walikubali jaribio la betri, na matokeo ni kwamba mchirizi mfupi bado unaonekana kwa betri vilevile, ila ni mwembamba kuliko ule wanaouona wakichomeka ukutani. Nadhani maana yake ni kwamba njia zote mbili zipo.

Nimebaki na maswali mawili. Je, meza niiunganishe na ardhi? Na je, kile kichujio cha Birere sasa kina faida?

Mhandisi_Himbi (Goma)

Kaka, tafsiri yako ya jaribio ni sahihi. Niruhusu nijibu kama mkazi wa Goma, kwa sababu maswali yako yote mawili yanategemea udongo, na sisi hatuna udongo wa kawaida. Jiji letu limekaa juu ya lava ya Nyiragongo, ya zamani na, kwa baadhi ya mitaa na viunga, ile ya 2002 na ya 2021.

Kanuni tunayotumia kukadiria ni kugawanya ukinzani wa udongo kwa urefu wa fimbo. Katika udongo wa mfinyanzi wenye omu-mita 50, fimbo ya mita 1.5 inakupa takriban omu 33. Katika mwamba wa lava wenye omu-mita 3,000, fimbo hiyohiyo inakupa omu 2,000, na nondo yako ya shubiri mbili ni mbaya zaidi. Chumvi inasaidia kwa majuma machache, kisha mvua zetu zinaisafirisha kupitia changarawe ya volkano, na wakati huohuo inakula chuma. Kwetu kinachofanya kazi vizuri zaidi ni waya wa shaba usio na ngozi uliolazwa kwa urefu ndani ya mtaro, ukizunguka jengo, kisha mtaro ujazwe udongo mweusi wa shambani au mfinyanzi uliobebwa kutoka kwingine, na maji ya bomba la mvua yaelekezwe humo. Hata hivyo usitegemee namba nzuri. Tegemea dizhontere ya diferansiyeli ya miliampea 30, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja, kwa kuwa hiyo inakata umeme kabla bodi ya mashine haijafika volti 50 hata kama ardhi yako ina omu 1,600. Bila hiyo, katika jiji hili, nondo yako ni pambo.

Kuhusu meza: kuiunganisha na ardhi kunaweza kupunguza usumbufu, lakini si kila mara, na kuna gharama yake. Masi ikilegea wakati meza iko kwenye ardhi, mkondo wa kuchomelea una ruhusa ya kurudi kupitia nyaya za ardhi, kama alivyoeleza Papa wa Kamalondo. Kwa hiyo ujaribu kwanza kuunganisha meza na mabati na bodi ya mashine kwa ukanda mfupi, upime kwa redio, kisha uongeze ardhi na upime tena. Kama tofauti haisikiki, iache bila ardhi. Ukiiacha na ardhi, iwe ni desturi ya atelie kwamba hakuna anayewasha tao kabla ya kutikisa masi kwa mkono kuhakikisha imeshika.

Kuhusu kichujio nasema kwa msisitizo: usikinunue kabla ya kutengeneza ardhi. Ndani yake kuna kapasita (vihifadhi vidogo vya umeme) zinazounganisha fezi na netro na bodi ya chuma. Ardhi ikiwa mbovu au imekatika, bodi hiyo inapanda hadi karibu nusu ya volti za laini, yaani 110 hivi, na anayeigusa akiwa na viatu vyenye maji anatetemeshwa. Tena kichujio kikubwa kinavujisha mkondo wa kutosha kuiangusha diferansiyeli, na mtu aliyechoka kuirudisha juu huishia kuiondoa, jambo ambalo ni baya kuliko usumbufu wote tuliouzungumzia. Ardhi na diferansiyeli zikishakuwa tayari, chagua kichujio kinachobeba ampea zote za mashine, ukifunge palepale waya unapoingia kwenye bodi, chuma kwa chuma bila rangi katikati. Kikifungwa huko kwenye mita, mita 30 za waya zitaendelea kurusha mawimbi kabla ya kukifikia.

MwalimuKadutu (Bukavu)

Naunga mkono kila neno la Dada Mhandisi, hasa kuhusu mpangilio: diferansiyeli, ardhi, kisha kichujio.

Naongeza mambo yanayohusu mlio mfupi uliobaki. Kwa mishono ambayo haiingii ndani ya chombo cha maziwa, weka swichi ya masafa ya juu kwenye kuzima kabisa na uwashe tao kwa kukwaruza. Ili ncha ya tangsteni isivunjike na kubaki ndani ya inoksi, laza kipande safi cha shaba nyekundu kando ya mwanzo wa mshono, kiguse chombo vizuri, ukwaruze juu ya shaba na kulihamishia tao kwenye inoksi likishatulia. Siku utakapokuwa na uwezo, mashine mpya zenye kuwasha kwa kugusa na kuinua hufanya jambo hilohilo kwa ampea chache sana, bila cheche ya masafa ya juu.

Soma pia kibandiko cha mashine yoyote utakayonunua. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60974-10 kinazigawa mashine hizi katika daraja A na daraja B, na ya daraja A haikukusudiwa kwa makazi yanayopata umeme wa laini ya watu wote. Haimaanishi umekatazwa kuitumia Ndosho, bali inamaanisha kwamba mtengenezaji mwenyewe anakuonya kuwa hatua kama hizi unazochukua zinaweza kuhitajika, na kwamba jukumu la kuzichukua ni la mtumiaji.

Kwa zahanati, wape saa. Kubalianeni ni asubuhi zipi wanapima akina mama, nawe siku hizo uchomelee bageti au ukate na kusugua, TIG iwe mchana. Waulize vilevile kama wana kifaa kingine kinachofuatilia mgonjwa, kama kipima mapigo ya moyo au mashine ya kuwatunzia watoto njiti, kwa sababu kifaa cha namna hiyo kikivurugwa hakionyeshi michirizi. Kinaweza kutoa namba isiyo ya kweli. Na mtu yeyote mwenye kifaa cha kusaidia moyo kilichopandikizwa kifuani asikaribie atelie mpaka daktari wake ameruhusu. Wasaidizi wako nao wasibebe kebo begani kwa kuizungusha mwilini, wala wasisimame katikati ya kebo ya tochi na ya masi.

Jambo la mwisho ni pengo la cheche lenyewe. Likichakaa na kuwa pana, volti inapanda kabla ya kuruka na mashine inazidi kupiga kelele hewani. Lirudishe kwenye kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha mashine, ukitumia kipande cha kupimia unene na si macho. Uchomoe waya ukutani kwanza, usubiri dakika kadhaa, kisha ushikishe ncha za kapasita kwa kifaa chenye mpini wa plastiki na ukinzani katikati ili ziishiwe umeme kabla hujaingiza kidole. Kama huna kitabu hicho, andika hapa jina na namba iliyo kwenye kibandiko cha nyuma, huenda mmoja wetu anacho.